Mota Iliyozunguka Kimya

Mume wangu alikuwa fundi wa kusuka mota mtaa wa Darsait miaka yote ya nguvu zake. Pampu za visima, mafeni, mashine za kufulia, zote akizivua waya ulioungua na kuzivika mpya. Alipostaafu tukahamia mtaa wa Hail, na huko akanambia, "Nna jambo moja limenibakia." Alitaka kuunda mota isiyosuguana kwa mkono wake, kama walivyoiunda wale wa mwanzo kabisa.

"Za kabla yao zilikuwa na kaboni zinazosuguana, zikitoa cheche na makelele," akinieleza, na mie nachagua mchele. "Hawa wakatumia mikondo miwili ya umeme, mmoja unatangulia, wa pili unafuata. Nguvu ya sumaku inazunguka, shaba inaifuata. Haiguswi na kitu, bibie." Nikamwambia meza ya kulia si gereji. Hakunisikiliza, kama kawaida yake.

Ikakamilika: koili nne, na katikati kopo dogo la shaba juu ya ncha ya sindano. Lakini macho yake yalikuwa yanakwenda. Presha ya macho, daktari alisema, na kilichopotea hakirudi.

"Washa basi uione," nikamwambia. Wapi! Kwetu kitu kipya hakianzwi mpaka watoto wote wawepo, isomwe Fatiha, iliwe halua. Ijumaa hii mmoja yuko safarini, Ijumaa nyengine wa pili mwanawe ana homa, na yule anayekaa Bustan yuko zamu kazini. Kila mmoja na udhuru wake, na mie nawakasirikia hadi leo.

"Subira yavuta kheri," akasema.

"Na ngoja-ngoja huumiza matumbo," nikamjibu. Tukacheka. Najuta kile kicheko.

Walipotimia wote, ilikuwa baada ya Idi, naye anashikwa mkono kwenda msalani. Tukasoma Fatiha, akapapasa swichi, akawasha. Kopo likazunguka, zuri, kimya kabisa. Wajukuu wakalikodolea macho.

"Mbona haiendi?" akauliza.

"Inazunguka, baba," mwanangu akamwambia.

Akainamisha sikio. Kiyoyozi kilikuwa kinavuma, na mota yenyewe haina sauti. Hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yake. Basi akanyoosha kidole aiguse. Haikuwa na nguvu, maskini. Kidole kilipofika tu, ikasimama.

Akaipapasa shaba, imetulia.

"Mnasema kunifurahisha tu," akasema, akazima.