Mgeni Katika Mashua ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu alikuwa na tabia ya kutuma picha za bahari saa ileile ninapokamua ng'ombe jioni. Saa za Uturuki aliko na zetu ni sawa, kwa hivyo hawezi kusema hakujua. Simu inatetemeka mfukoni, mikono yangu ina maziwa, kamba ya ndama nimeibana kwa goti, na nikiifungua naona tanga jeupe, maji ya buluu, na yeye katikati akicheka meno yote nje. Chini ameandika, "Siz, ona!" Nilikuwa naona. Roho iliniuma hadi ng'ombe mwenyewe akahisi, akaanza kurusha mateke.

Sisi tumezaliwa wawili tu. Baba hakupata mvulana, na majirani zetu wa Subukia walimhurumia mpaka akachoka kuhurumiwa, akatufundisha kazi zote za zizini. Ng'ombe wetu alikuwa hatoi maziwa bila kumwona mtoto wake, kwa hivyo kukamua kulikuwa kazi ya watu wawili: mmoja anashika ndama, mwingine anakamua. Mimi mkubwa nilikamua, yeye alishika. Hatukusemezana. Nikikohoa, analeta ndama anyonye kidogo. Nikiinua kiwiko, anamvuta nyuma. Baba alitufundisha pia fundo lake la kumfunga ndama kwenye nguzo, fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja ili ndama akianguka asijinyonge. Tuliweza kulifunga tukiwa tumefumba macho.

Kisha akaenda Uturuki kufanya kazi hotelini, katika mji mdogo wa kale kando ya Bahari ya Mediterania. Akaolewa hukohuko na mwanamume mwenye mashua ya kutembeza watalii, na nafasi yake zizini ikachukuliwa na nguzo. Baba alipofariki alikuja, tukazika, akarudi kwake. Nikabaki na mama, na ng'ombe, na kahawa, na hizo picha.

Mwaka jana akanitumia tikiti. Mama akasema, "Enda uone mahali mwenzako alipotelea." Nilijifanya sitaki. Nikauliza ng'ombe atakamuliwa na nani, na jirani akajitolea kabla sijafunga mdomo. Basi nikashuka Nakuru sokoni, nikachagua kofia ya mtumba yenye ukingo mpana na viatu vya mpira vya kukanyagia maji. Muuzaji akaniuliza, "Mathe, kwani unaenda Mombasa?" Nikamwambia ninapita Mombasa kwa mbali. Jibu hilo nilijirudia mpaka uwanja wa ndege.

Siwezi kudanganya, mji ulikuwa mzuri. Ulikuwa mzuri kwa namna ya kuudhi. Nyumba nyeupe zenye roshani za mbao zimebanana kwenye mteremko, na bugenvilia zimemwagika ukutani. Ni bugenvilia zilezile zinazoota kwenye ua wa kila mtu Nakuru, ila huko watu wanasimama kuzipiga picha. Katikati ya maduka, barabarani kabisa, pana kaburi la jiwe lililosimama juu kuliko mtu, la watu waliokufa kabla ya Yesu kuzaliwa, na watalii wanalizunguka wakilamba aiskrimu. Mwisho wa mji upo uwanja wa kale wa michezo ya kuigiza, mawe yake yamepangwa ngazi kwa ngazi yakiitazama bahari.

"Hapa ndio sisi hukuja kuona jua likizama," mdogo wangu akaniambia.

Sisi. Niliposhuka zile ngazi nilikuwa bado nalitafuna hilo neno. Kaburi la barabarani alinieleza lote, nani alizikwa, kifuniko kilichongwa vipi, kwa nini kina vichwa vya simba. Nikamwangalia akieleza kwa mikono yote miwili. Kaburi la baba liko chini ya mti wa mgrevilea, saruji imepasuka upande wa miguu, na mpaka siku hiyo hakuwa ameniuliza habari yake hata kidogo.

Nyumbani kwake sikuruhusiwa kugusa kitu. Nikishika sufuria, ananinyang'anya. Nikianza kukunja nguo, anazivuta. "Siz, kaa tu, we ni mgeni." Siku ya kwanza nilifurahi, maana nani aliwahi kuniambia nikae? Siku ya pili nikavumilia. Wahenga walishasema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu niliamka alfajiri, nikafunga kitambaa kichwani, nikangoja jembe langu. Nikaletewa kiti kibarazani na kikombe cha chai bila maziwa.

Siku hiyo ndiyo tuliyokwenda baharini. Mume wake alishika usukani. Watalii walikaa upande wa kivuli, na mimi nikakaa nao, jaketi la kuelea limenibana shingoni, kofia yangu ya mtumba nimeishika kwa mkono isiende. Kazi ya kamba ilikuwa ya mdogo wangu na wifi yake, dada wa mumewe, msichana mwembamba wa rika lake mwenye mikono mirefu. Nilikuwa sijawahi kumtazama vizuri huyo wifi. Siku hiyo nilimtazama.

Upepo ulipogeuka, wifi aliinua kidevu tu, na mdogo wangu akaachia kamba. Wifi akagonga mbao kwa kisigino, mdogo wangu akainama, tanga likapita juu ya kichwa chake hata asiliangalie. Mmoja akivuta, mwingine anazungusha ile kamba kwenye chuma chake. Hakuna aliyesema neno. Mashua ikalala ubavu kidogo, ikakata maji, na watalii wakapiga makofi.

Mimi sikupiga. Wivu wote niliokuwa nao wa tanga na maji ya buluu ulikuwa wivu wa mchezo, nikauona hapohapo ukinitoka. Uliokuja badala yake haukuwa wa mchezo. Ile lugha yetu ya kikohozi na kiwiko, ya zizini Subukia, alikuwa amempelekea mtu mwingine. Nilitamani wifi ateleze aanguke majini. Nasema ukweli. Nilitamani aanguke na asijue kuogelea, kisha nikakumbuka kwamba hapo asiyejua kuogelea ni mimi.

Tukafika mahali panapoitwa mji uliozama. Zamani ardhi ilitetemeka ikashuka, na nusu ya mji ikaingia chini ya maji. Unaona kuta, milango, ngazi za mawe zinazoteremka mpaka baharini na kupotelea humo. Kila mtu aliinamia ukingoni akiguna kwa mshangao.

"Kwetu Ziwa Nakuru limemeza lango la mbuga na nyumba za watu," nikasema kwa sauti, "na sijaona mtu akilipa nauli kuja kuguna."

Mdogo wangu akacheka. Kisha akageuka akamtafsiria wifi yake, wifi akacheka, wakaegemeana mabega wakacheka pamoja kwa Kituruki. Mzaha ulikuwa wangu, lakini kicheko kikawa chao. Nikatazama zile ngazi zinazoingia majini mpaka shingo ikauma.

Tulipokuwa tukirudi upepo ulizidi, kamba moja ikateleza ikaanguka karibu na mguu wangu. Nikainuka nikaidaka. Nilijua kushika kamba kabla wifi huyo hajazaliwa. Mdogo wangu akanifikia kwa hatua ndefu, akainyofoa mikononi mwangu.

"Wacha, siz, itakukata vidole. Kaa tu, we ni mgeni."

"Vidole hivi?" nikamuuliza, nikamwonyesha. Tanga lilikuwa likipiga kelele, hakusikia. Nikakaa. Macho yalinichoma, na namshukuru Mungu kwamba bahari ina chumvi ya kusingizia.

Niliporudi nyumbani mama alitaka kujua bahari ikoje. Nikamwambia ni maji tu, mengi. Akauliza, "Na mwenzako?"

"Yuko sawa. Amepata wa kushika naye kamba."

Mama hakuelewa, na mimi sikueleza. Lile neno "mgeni" nililiweka kama jiwe. Kila jioni nikikamua nalitoa, nalipangusa, nalirudisha. Picha ziliendelea kuja, na mimi nikawa najibu kwa kidole gumba tu.

Desemba mdogo wangu akaja peke yake, mumewe amebaki na mashua. Mama alitandika vile vitambaa vyeupe vya viti ambavyo mimi sivikalii, akachinja jogoo, akatoa kikombe chenye maua. "Kaa, mami, umetoka mbali," akamwambia, na mimi nikatumwa maji. Nikabeba mtungi huku nikinung'unika njia nzima. Kule nilikaa nikinyimwa kazi, huku nafanya kazi nikinyimwa kiti. Mtu akitaka kujua wivu una njaa kiasi gani, aniulize mimi.

Jioni nikaenda zizini. Kabla sijaketi nikasikia gambuti za mama zikichapa matope, na mdogo wangu akasimama mlangoni.

"Nishike ndama?"

Nilikuwa nimeingoja saa hiyo miezi yote. Nikalitoa jiwe langu, kwa sauti yake yeye mwenyewe: "Siz, kaa tu, we ni mgeni."

Akaanza kucheka, kisha akanitazama usoni akaacha. Ng'ombe akageuza kichwa kutuangalia.

"Kwa hivyo ndio maana ulininunia," akasema. "Siz, mimi kule nilikaa msimu mzima kama gunia kabla hawajanipa kamba. Na wewe umekamua tangu tukiwa watoto. Nilitaka tu upumzike."

"Nani alikuambia nimechoka?"

"Wacha hizo. Leta kamba."

Akaichukua bila kungoja nimpe. Nikakohoa, akaleta ndama. Maziwa yakashuka. Nikainua kiwiko, akachelewa kidogo kumvuta, na ndama akaniramba sikio zima. Nikajipangusa kwa bega. Nilipoinua tena alikuwa ameshamvuta, na tukaenda hivyo, yeye akisoma bega langu, mimi nimeweka paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe ili asinione ninavyotabasamu.

Nilipomaliza alikuwa amemfunga ndama kwenye nguzo. Nikaja na ndoo, nikaangalia. Lilikuwa fundo safi, zuri, limekaa kama limechorwa. Halikuwa la baba. Lilikuwa la mashua.

Moyo ukanipiga teke lilelile la zamani. Nikaweka ndoo chini, nikalifungua fundo lake. Nilihangaika nalo, kucha zikauma, nalo halikutaka kuachia. Nikamwambia, "Ona sasa. Huyu akianguka, kabla hujalifungua huyu ni nyama." Nikalifunga la baba. Nikavuta mara moja, likaachia. Nikalifunga tena.

Alikuwa ameinama karibu, pumzi yake kwenye mkono wangu, akiangalia vidole vyangu.

"Nimelisahau hilo," akasema. Sauti ilimtoka ndogo, ya yule wa zamani aliyekuwa anamwogopa jogoo. "Kweli nimelisahau la baba. Nionyeshe."

Nikalifungua, nikamwonyesha mara moja tu, harakaharaka, ili aniombe tena.