Theluji Iliyotoka Jikoni Kwangu

Krrup. Krrup. Krrup.

Umeme ulikuwa umekatika, giza ndiyo kwanza linaingia, mimi niko sebuleni napapasa kutafuta kiberiti.

Mlio ulitoka jikoni. Mtu alikuwa anatembea kwenye theluji. Jikoni kwangu! Na theluji yenyewe sijawahi kuiona, labda ile ya kwenye friji.

Subirini niwaeleze, msije mkasema nimechanganyikiwa.

Nilikuwa kwenye majaribio ya kazi, studio moja inayotia sauti za Kiswahili kwenye vipindi vya nje. Kozi ya sauti niliisoma jioni jioni, mtoto kalala mapajani. Tukaletewa mfululizo wa maisha ya kaskazini ya mbali kabisa, kwa wafuga kulungu wa nchi za baridi, ambako jua likizama linasahau kurudi.

Shida ni moja. Mzee wa kule anatembea huku anaongea lugha yake. Ukifuta maneno, na mlio wa nyayo unafutika. Anakatiza weupe wote ule kimyaa, kama mzimu.

"Dada," Bosi akaniambia, "kesho huyo mzee atembee nimsikie. Asipotembea, namwita mtu mwingine."

Moyo paa! Kazi yenyewe nimeisubiri tangu nina mimba.

Nikajaribu kokoto. Nikajaribu chumvi. Nikaponda biskuti mbele ya maikrofoni mpaka jamaa wa kurekodi akavua vipokea sauti masikioni.

"Sista, huyu mzee anakanyaga mende."

Nikarudi nyumbani nimenywea. Nikawa nairudia video ya yule mzee na sauti yake halisi kwenye simu, mwanangu akichungulia, tena na tena, labda akili itafunguka, mpaka simu ikaisha chaji. Ndipo umeme ukakatika.

Na zile krrup zikaanza.

Nikanyata, nikawasha kiberiti, nikamulika chini ya meza. Binti yangu, Kifungo, kakumbatia mfuko wa unga wa muhogo wa bibi yake, anauminya kwa mikono miwili. Uso mweupe pee.

"Mama, mimi ndiye yule babu wa baridi."

Nilimkumbatia mpaka na mimi nikawa mweupe.

Asubuhi mfuko ukaingia studio ndani ya mkoba wangu. Mzee akikanyaga, naminya. Akisimama, nasimama. Bosi akafumba macho, akajikunyata kama aliyepigwa na baridi.

"Theluji umeitoa wapi wewe?"

"Siri ya kazi, bosi."

"Haya. Kazi ni yako."

Nilirudi nyumbani naelea. Mama mkwe yuko mlangoni, mikono kiunoni.

"Mama Kifungo, unga wangu umeota miguu?"

"Labda umeisha, mama."

"Umeisha na mfuko wake?"

Nikajifanya nimekumbuka kitu dukani.

Siku ya kipindi kurushwa, sebule ilijaa majirani. Mama mkwe kakamata kiti cha mbele. Mzee akatokea kwenye skrini. Krrup, krrup.

"Sikilizeni theluji inavyolia!" mama mkwe akawaambia majirani, kifua mbele. "Hiyo ni kazi ya mkwe wangu! Kumbe walimpeleka huko huko kwenye theluji, na mimi hakuniaga!"

Watu wakanipigia makofi. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Somo nililopata ni hili: ukikwama, sikiliza wanaocheza chini ya meza. Ila ukichukua kitu cha mama mkwe, shahidi wako asiwe wa miaka minne.

Kwa sababu Kifungo alipanda juu ya stuli, akanyoosha kidole kwenye televisheni, akasema:

"Bibi, yule babu anakanyaga unga wako."