Sauti Niliyoitupa Kundini

Sisi waandishi wa habari wa Malindi na Kilifi tuna desturi moja ambayo hufundishwi chuoni. Akienda mmoja, wamekwenda wote. Mmoja akifika Marafa kusikiliza mzozo wa shamba, akimaliza tu anatupa picha na sauti katika kundi letu la simu, na wenzake kumi walioketi mjini kwa chai ya rangi wanaandika kana kwamba vumbi limewaingia wao. Leo kwangu, kesho kwako. Ukiwa mchoyo wa sauti, siku utakayougua hakuna atakayekutupia kitu.

Niliipenda desturi hiyo, maana ndiyo iliyonilea. Mhariri wangu wa kwanza, mzee wa redio aliyetaka uende mwenyewe hata kwenye ajali ya tuktuk, alistaafu kabla hajanifunza mengi. Yaliyobaki nikayasomea simuni, kwa video za bure: kukata sauti, kuondoa kelele za upepo, kutunga kichwa cha habari kisichopitwa. Baadaye ikaja programu inayoandika habari yenyewe ukiipa maelezo matatu manne. Nikajiona nimefika.

Mwaka jana akanipigia mwanamke mmoja wa Matsangoni. Baba yake, mkulima wa kule ndani upande wa Marafa, alikuwa amesingiziwa uchawi na wapwa zake. Huku kwetu hilo si jambo la kucheka. Mtoto akishikwa na homa, na kuna shamba la kugawana, anatafutwa mwenye mvi. Mzee alikuwa amekimbilia kwa bintiye, na binti alitaka serikali isikie. Sharti lake lilikuwa moja tu, kwamba mahali alipojificha baba pasitajwe. Nikamwahidi.

Nilianza kurekodi tangu mlangoni, kwa sababu redio inapenda sauti za nyumbani, kuku na vyombo. Na Pwani salamu si neno moja.

"Karibu dada, karibu Matsangoni," binti alisema. "Hukupotea?"

"Sikupotea. Nilipofika kwenye mashine ya kusaga niliuliza."

"Ndiyo hapo hapo. Ukiipita tu, sisi ni nyumba ya pili."

Nikamwamkia mzee shikamoo. Akaitikia marahaba, akaniuliza hali ya watoto, hali ya mama yangu, na kama Malindi mvua imenyesha, utadhani yeye ndiye aliyekuja kunipa pole. Kisha akasema, "Huyo mpwa wangu anayetaka kunikata panga, mwanangu, nilimbeba mimi mabegani kumpeleka zahanati."

Habari yangu niliiandika kwa uangalifu. Sikutaja kijiji, sikutaja jina, na sauti niliikata ianzie kwenye maneno ya mzee. Nilikuwa bado nimekaa kando ya barabara nikingoja gari, chaji ya simu inakaribia kwisha, na wenzangu wanasukumana kundini: "Dada, tupia basi, taarifa ya saa saba hiyo inafika." Nikawatupia rekodi nzima, kama ilivyotoka. Chini yake nikaandika, "Mahali pasitajwe." Nikaona nimetimiza wajibu.

Na kweli, hakuna aliyepataja. Ila mwenzetu mmoja ana ukurasa wake mtandaoni, na wafuasi wake wanapenda kusikia mwanzo mpaka mwisho. Aliiweka rekodi yote bila kuisikiliza. Asubuhi yake nilifungua ukurasa ule nikiwa nakunywa chai, nikasikia sauti ya binti ikinikaribisha, kijiji, mashine ya kusaga, nyumba ya pili. Chai ilinishinda.

Nilimpigia mwenzangu, akaifuta papo hapo na kuomba radhi mara tatu. Lakini ilikuwa imeshasambazwa na watu nisiowajua. Nikajifariji kwa upumbavu: nani anasikiliza salamu? Namba ya binti nilikuwa nayo. Lilikuwa jambo la dakika moja, nimwambie, "Mhamishe baba leo." Sikupiga. Niliona aibu, hiyo ndiyo sababu, wala sina nyingine ya kuipamba. Niliona ni heri ahadi yangu ionekane nzima kuliko nipige simu hiyo.

Siku ya tatu, adhuhuri, zilikuja pikipiki mbili. Waliokuja nazo walimkuta mzee nyuma ya nyumba akimenya mihogo. Hakufika hospitali.

Mhariri wangu wa sasa alinipigia kabla sijakaa sawa. "Binti yake unamjua wewe. Nataka habari sasa hivi." Nikaipa programu maelezo manne, na kabla sijafuta macho ikanirudishia aya sita safi, wingu la simanzi limetanda, familia yataka haki. Sikubadilisha hata neno. Nilitumiwa pongezi kundini, zile picha za mikono inayopiga makofi. Nilijichukia siku ile kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote.

Nilikwenda matangani nimejitanda leso yangu mpya, nikitafuta njia ya kusema. Wanawake walikuwa wameketi mkekani. Binti alinishika mkono, akaniingiza chumbani, akafunga mlango.

"Dada, kikulacho ki nguoni mwako," akaninong'oneza. "Ni huyu mama wa nyumba ya kwanza. Yeye peke yake ndiye aliyemwona baba akiingia hapa. Jana ameleta sufuria ya wali, nikamwambia airudishe. Mume wangu amewaambia watu, na watu wamemwambia ahame."

Nikamuuliza kama ana hakika.

"Sasa atakuwa nani mwingine? Wewe tulikwambia usiseme, na hukusema. Nimeisikiliza ile habari yako redioni, hakuna kijiji wala jina."

Kupitia dirishani nilimwona yule mama, mjane wa makamo, anafunga godoro kwa kamba huku mlango wake uko wazi. Hakuna aliyekuwa akimsaidia. Nikafungua mdomo.

"Umetuhifadhi, dada," binti akasema. "Mungu akulipe."

Nikaitikia, "Amina."