Simu Iliyokikataa Kidole cha Mzee

Ilianza Ijumaa, saa kumi na mbili na robo jioni, nyumbani kwetu kijijini Ndama, na kila neno ni la kweli. Najua mtacheka. Chekeni. Shuleni najulikana kama msichana ambaye hata mwalimu akimwita jina anasimama na kutazama sakafu. Mtu wa namna hiyo atunge kisa cha kujitangaza ili apate nini?

Kwanza mjue habari ya simu. Ilikuwa ya baba, ya zamani, zile za betri ya kuchomoa. Siku chache kabla hajafariki, baba aliketi kitandani akaniambia nimrekodi kwa simu hiyo hiyo, akasema kibanja chote, migomba, mibuni na nyumba, anatuachia mama na mimi. Chumbani tulikuwa sisi watatu tu. Baada ya matanga, baba mdogo akasema hakuna wosia wowote, binti ataolewa, na ardhi ya ukoo haiendi na binti. Na simu nayo, kama vile wamepatana, ikagoma. Ukiiwasha inaonyesha nembo, inazima, inaonyesha nembo tena. Mafundi wote niliowaendea mjini Kayanga walinijibu kitu kimoja: itapona, ila lazima tufute kila kilichomo. Na kikao cha ukoo kilikuwa Jumamosi asubuhi.

Aliyenisaidia ni dada Aziza, mwenye duka la makava na chaja karibu na stendi. Yeye ndiye aliyenieleza kuhusu rikavari, programu ndogo inayoamka kabla simu yenyewe haijaamka. Ile iliyokuja na simu haina msaada zaidi ya kufuta. Lakini ukiiondoa ukaweka nyingine, wanayotengeneza watu na kuiweka mtandaoni, hiyo inaweza kufungua mafaili na kuyahamishia kwenye memori kadi. Kwa simu mpya ni balaa, akasema, ila hizi za kizee hazina kufuli nyingi. Akaniazima kompyuta yake, programu ikiwa tayari ndani.

"Ikimaliza kuingia usiiache simu ijiwashe, itairudisha ile ya zamani," akaniambia. "Chomoa betri, rudisha, bonyeza vitufe vitatu kwa pamoja. Na ikifa, mdogo wangu, usije kulia hapa dukani, utanifukuzia wateja."

Jioni ile mama alikwenda kwa balozi wa nyumba kumi kumwomba awepo kwenye kikao. Nikabaki peke yangu. Programu ilipomaliza kuingia nikabonyeza vile vitufe vitatu; vidole viliteleza nembo ikatokea, nikaanza upya, vikateleza tena. Halafu skrini ikafunguka, vitufe vimepangwa, kimoja cha mafaili, kimoja cha kufuta. Nilitaka kupiga kelele. Kabla sijagusa chochote nikasikia hodi.

Alikuwa mzee, koti refu la kijivu, sijawahi kumwona. Nikapiga magoti nikamwamkia, akaitikia kwa Kinyambo kizito, kile cha bibi zetu. Akakaa kwenye kiti cha baba kabla sijamkaribisha. Nikamletea kahawa ya kutafuna, akaishika tu kiganjani. Hakutaja jina, na mimi ningemuuliza vipi? Binti wa kwetu anamuuliza mzee, wewe ni nani? Alimtaja baba kwa jina lake la utotoni, akasema simu inaumwa, mimi naitesa bure, nikiifuta itapona. Mzee vile alijuaje mambo ya kufuta? Hilo nilijiuliza baadaye.

"Nifungulie hapo pa kufuta, mjukuu wangu," akasema. "Nipaone tu."

Nikafungua. Ukitaka kufuta kuna mshale, unauburuta kwa kidole kutoka kushoto kwenda kulia, basi, kila kitu kimekwisha. Akanyoosha mkono. Nikampa simu, tena kwa mikono miwili, kama nilivyolelewa.

Akaweka kidole juu ya mshale, akauburuta. Mshale haukusogea. Akarudia polepole, akikandamiza. Wapi. Akafuta kidole kwenye koti, akajaribu tena, na kioo kikakaa kimya kama anayegusa ni kijiti. Ndipo akaniinulia macho, wala hakukasirika.

"Kidole chako kina joto," akasema. "Niazime."

Hata kichanga akigusa skrini, inaitika. Niaminini, hapo nilielewa nimemkaribisha nani. Nyuma ya nyumba, kwenye migomba, ndiko wanakozikwa watu wa ukoo wetu.

Nikampokonya simu. Mimi, ambaye sijawahi kumpokonya mkubwa hata kikombe.

"Sifuti," nikasema.

"Ardhi hii haigawiwi binti. Mimi nimelala humo."

"Basi endelea kulala, babu. Anayepalilia juu yako ni mama."

Msiniulize maneno hayo yalitoka wapi. Akanidaka dole gumba la mkono wa kulia, baridi ikapanda mpaka begani, akaanza kulivuta kuelekea kwenye mshale. Alikuwa na nguvu kuliko mwanaume yeyote wa kijijini. Nikaibwaga simu upande wa pili wa meza, nikaigusa kwa kidole cha kushoto. Rudi. Mafaili. Video. Nakili. Yeye anavuta, mimi nagusa, nalia, nagusa. Kile kimstari cha kunakili kilikwenda taratibu kiasi kwamba nilikitukana. Kilipofika mwisho aliniachia. Akatoka mlango wa nyuma kuelekea migombani, bila haraka, kama mtu anayekwenda kwake.

Mama alinikuta nimekaa chini. Nilimweleza, akatazama kiti na kahawa iliyoachwa pale.

"Alitaka nini?"

"Nifute."

"Umefuta?"

"Hapana."

"Basi inuka ule."

Mpaka leo lile dole gumba halifanyi kazi kwenye simu yoyote. Linashika kalamu, linamenya ndizi, likiungua linauma, lakini skrini hailioni. Wenzangu bwenini wamelijaribu kwenye simu zao na hawacheki tena. Kwa hiyo wewe unayesoma, kama sauti ya marehemu wako imo kwenye simu, ihamishe leo. Na mzee usiyemjua akikuomba umfungulie pa kufuta, adabu iweke pembeni. Mkatalie usoni.

Asubuhi yake nilikwenda kikaoni nyuma ya mama, memori kadi ikiwa ndani ya simu yake. Baba mdogo akanyoosha mkono, akasema, lete niangalie mimi kwanza. Sikupiga magoti. Nikamwambia simu haitoki mkononi mwangu, anayetaka kuona asogee. Mmoja mmoja wakasogea. Nikaiinua juu, na mbele ya wazee wote wa ukoo nikabonyeza kwa mkono wa kushoto, baba akaanza kusema.