Kiti cha Bibi wa Kiwalani

Jaji mnene kuliko wenzake aliweka kalamu mezani, akasimama, akafungua vifungo vya koti.

"Maelezo nimeyasikia. Sasa acheni kiti nikikalie mwenyewe," alisema, na ukumbi mzima ukacheka. Mimi nilitazama miguu ya kiti.

Tulikuwa Ubungo, kwenye shindano la wanafunzi wa vyuo vya ufundi. Kila timu ilitakiwa kubuni biashara inayoondoa shida fulani kwa majirani zake. Mimi nilikuwa nasomea kuchomelea vyuma katika chuo kimoja Chang'ombe, msichana peke yangu darasani. Mwenzangu alikuwa anasomea ushonaji, na wazo lilikuwa lake. Bibi yake wa Kiwalani alikuwa amepooza upande wa kushoto; kutembea kwa fimbo aliweza, kuchuchumaa hakuweza. Choo chao kilikuwa cha shimo, huko uani, na kila alipotaka kujisaidia ilibidi mama yake mwenzangu amshike makwapani. Siku moja wakaanguka wote wawili. Ndipo tukabuni kiti cha mabomba ya chuma, chenye uwazi katikati na mikono ya kushikilia, cha kusimamisha juu ya tundu la choo. Tulitengeneza viwili. Kimoja tulikitunza kwa ajili ya shindano, kingine tukampelekea bibi akijaribu, tupate la kuwaambia majaji.

Kuna jambo mwenzangu hakulijua. Siku niliyochomelea miguu, umeme wa karakana ulikuwa mdogo, unapanda na kushuka. Fundi yeyote anaijua sauti ya moto mzuri, na ule haukuwa na sauti hiyo. Chuma kilishikana juujuu tu. Nilitakiwa kusubiri, nikate, nirudie. Lakini fomu za shindano zilikuwa zinafungwa kesho yake, wavulana wa darasani walishaanza kunitania kwamba nitaishia kushona na mwenzangu, na mimi nikasaga viungo na grenda vikawa laini, nikapiga rangi ya bluu. Vilipendeza. Tangu siku ile, nilikuwa nikisikia mlango ukibamizwa nashtuka, nafikiri ni bibi ameanguka. Sikumwambia mtu. Nilijipa moyo kwamba bibi mwenyewe ni mwepesi, mifupa mitupu.

Jaji alikuwa ameshageuka, ameshika mikono ya kiti, anajishusha.

"Mzee, usikae!"

Nilipiga kelele bila kukusudia. Alibaki ameinama nusu, akanitazama. Kicheko kilikatika.

"Nisikae kwa nini?"

"Miguu yake sina uhakika nayo. Umeme ulikuwa mdogo nilipochomelea."

Jaji mwingine, mama mmoja mwenye miwani, aliandika kitu. Sikumjali. Nilimwangalia mwenzangu, aliyekuwa bado ameshika kipaza sauti. Uso wake ulibadilika taratibu, kama mtu anayepiga hesabu asiyoitaka.

"Na cha bibi?" aliniuliza.

"Vyote siku moja."

Kipaza sauti kilitoa mlio mkali alipokiacha mezani. Hakuaga mtu. Nilimfuata mbio hadi nje, tukapanda bodaboda moja, watatu pamoja na dereva. Njia nzima alikuwa akipiga simu kwa mama yake. Inaita, haipokelewi. Anapiga tena. Nilikuwa nyuma yake, nimeshika shati lake. Nilitaka kusema samahani nikashindwa, maana kama bibi ameshaanguka, samahani ya nini? Kichwani nilimwona kalala kwenye sakafu yenye maji, mkono mmoja hauwezi, anaita na hakuna anayemsikia. Nilisali sala zote nilizofundishwa na mama yangu, nikazichanganya.

Kiwalani tulishuka mwanzo wa uchochoro, tukakimbia. Mama yake hakuwepo, alikuwa ameenda sokoni na simu ameiacha inachajiwa. Kitanda cha bibi kilikuwa kitupu. Fimbo yake haipo.

Tukaenda uani. Mlango wa bati wa choo ulikuwa umefungwa.

"Bibi!" mwenzangu aliita.

Sauti ilitoka ndani, ya hasira kidogo: "Nani huyo? Mtu hapumziki hata chooni?"

Alikuwa mzima. Lakini hofu haikuondoka, iliongezeka, kwa sababu sasa alikuwa amekikalia.

"Bibi, usitikisike," mwenzangu alisema. "Tunaingia."

"Mnaingia wapi? Nyie watoto mna wazimu?"

Tukaingia. Nilipiga magoti kwenye ile sakafu mbichi, nikaukumbatia mguu wa nyuma kwa mikono miwili. Niliuona ufa. Rangi ilikuwa imepasuka kuzunguka kiungo, mstari mwembamba kama unywele, na bibi alipoegemea upande ule ukafunguka. Nikaubana mguu kwa nguvu zaidi. Mwenzangu alimshika bibi makwapani, akamnyanyua, akamfunika kanga. Alipokwisha kutoka ndipo nikauachia mguu, na kiti kikalala ubavu chenyewe.

Bibi alikitazama kutoka mlangoni. "Kumbe," alisema. Halafu akanitazama mimi. "Ulikuwa unajua, mjukuu wangu?"

"Ndiyo, bibi."

"Ungeniambia. Mie ningekaa polepole."

Nililia pale pale.

Shindanoni tuliondolewa, bila shaka. Mwalimu wa karakana hakunigombeza. Alinipa nyundo akasema nigonge kila kiungo cha viti vyote viwili, darasa zima likitazama, na kila kilichovunjika nieleze kwa nini. Viungo vitatu vilivunjika. Mwenzangu hakusema nami karibu mwezi mzima. Tulipopishana getini aliangalia pembeni, na nilijua ni haki yake.

Aliyeturudisha pamoja ni bibi. Alimtuma mwenzangu aje kuniambia kwamba bibi amechoka kubebwa kama gunia, anataka kiti chake. Nilitengeneza kingine, nikachomelea asubuhi umeme ukiwa mzuri, na kabla ya rangi tukakipandishia mifuko miwili ya saruji kikalala nayo siku tatu. Leo tunavitengeneza kwa ajili ya watu wa Kiwalani na Temeke, sie wawili na mafundi wengine wawili, na hakuna kinachotoka bila ile mifuko.

Siku tulipompelekea kile kiti kipya, bibi alitufukuza uani, akajifungia. Mwenzangu alikwenda kuchota maji. Mimi nilisimama nje ya lile bati, nasikiliza chuma. Kilikuwa kimya. Sikuondoka hadi alipotoka.