Radieta Nne za Nevyana

Nevyana Gergova hakuwa mjinga, na mtu asije akaniambia alikuwa mjinga. Miaka thelathini na mmoja alipikia watoto wa chekechea pale mjini Pernik, na hakuna muuza nyama aliyewahi kumpunja hata robo kilo. Lakini uchungu wa mwana, jamani, humtoa mtu akili huku macho yake yanaona.

Mumewe alipofariki, alifanya kama wafanyavyo wajane wengi wa mtaa ule. Alikwenda kwa wakili akaiandika nyumba kwa jina la bintiye, Vyara, ili mtoto asije akahangaika na mirathi. Wakili alimuuliza kama iandikwe pia kwamba yeye mama ataishi humo mpaka kufa. Nevyana akaona haya. Nani anamwandikia mwanawe wa kumzaa karatasi ya namna hiyo?

Vyara aliishi Ujerumani na mumewe na mtoto wao, Kalin. Januari moja walikuja, na Kalin akakohoa siku tano mfululizo. Radieta za ukutani, zile zinazopitisha maji ya moto ili nyumba ipate joto, zilikuwa za tangu jengo lijengwe, machuma mazito yaliyojaa kutu ndani, juu yana uvuguvugu, chini ni barafu. Vyara akasema huku akifunga zipu ya begi, "Mama, simleti tena mtoto kwenye friji hili."

Neno hilo Nevyana aliliweka moyoni. Nyumba ikipata joto watakuja, alijiambia, na wakishakuja watakaa. Kukaa huku nani aliyemwahidi? Hakuna. Alijiahidi mwenyewe.

Kiangazi, wakati mabomba yanaruhusiwa kumwagwa maji, alimwita fundi Ognyan. Alitaka radieta tatu mpya badala ya zile tatu kuukuu, na ya nne ya kuongeza kwenye roshani iliyozibwa vioo, ambako Kalin angelala. Radieta zenyewe, vali, kazi, na ada ya kumwaga maji, inayolipwa kampuni inayopeleka maji ya moto mtaa mzima: jumla leva za kwao elfu mbili na mia nane. Pensheni yake ilikuwa mia saba kwa mwezi.

"Weka tatu tu, mama," Ognyan alisema. "Hiyo ya nne inakula joto la watu. Maji yanapanda hadi huku juu kwako, ndipo yanashuka nyumba kwa nyumba. Ukinywa sana wewe, wa chini anapata makombo."

"Na mjukuu wangu alale wapi, bafuni?"

"Mimi ni fundi tu. Ukisema kumi, nafunga kumi."

Alilipa kwa hela ya maziko, ile aliyoiweka kabatini miaka tisa pamoja na nguo zake za kuzikiwa. Mzee Pencho, jirani wa chini yake na rafiki wa marehemu mumewe, ilibidi atie sahihi ndipo bomba lao la pamoja limwagwe maji.

"Shemeji, sasa wewe utazikwa na nini?"

"Na radieta."

"Haya. Angalau hutaona baridi huko," Pencho alisema, akatia sahihi.

Novemba joto likafunguliwa, na kwa Nevyana ukivua sweta hujutii. Wiki ya pili Pencho akapanda ngazi, koti mwilini na kofia kichwani.

"Shemeji, chumbani kwangu ni nyuzi kumi na nne. Ifunge basi hiyo ya roshani. Hakuna mtu anayelala mle."

"Vumilia kidogo, Pencho. Watoto wanakuja."

"Wanakuja kukaa?"

"Watakaa."

"Wamesema wenyewe?"

Nevyana akamfungia mlango. Ndiyo, alimfungia mtu aliyebeba jeneza la mumewe begani. Mimi sina la kumtetea hapo.

Siku moja kabla ya Krismasi Vyara na Kalin walifika kweli. Kalin alikimbia miguu peku nyumba nzima, hakukohoa hata mara moja. Vyara alizigusa radieta zote nne kwa kiganja, akazipiga picha moja moja, na madirisha pia. "Umefanya kazi kubwa, mama," alisema, na Nevyana ikabidi ageukie sufuria la maharage machozi yasionekane. Aliamini picha zile ni za kumwonyesha mkwewe, mume wa Vyara, aliyebaki kazini.

Siku ya tatu ya sikukuu kengele ililia mchana. Wakaingia mume na mke wasiojulikana, na viatu vyao miguuni, wakapima sebule kwa futi. Yule mke aliweka mkono juu ya radieta ya roshani.

"Hii ni mpya?"

"Zote mpya," Vyara alijibu. "Za mwaka huu."

Walipoondoka, Nevyana alikaa kwenye kiti cha jikoni.

"Ulitaka kuniambia lini?"

"Baada ya sikukuu. Sikutaka kukuharibia chakula." Vyara alikuwa anakunja kitambaa cha meza, anakikunjua, anakikunja tena. "Mama, sisi huku haturudi. Tunanunua nyumba kule, na benki inataka tutangulize pesa. Bei ya hii imepanda kwa ajili ya radieta zako. Umetusaidia sana, kwa kweli."

"Na mimi?"

"Nimekutafutia nyumba ya wazee, safi kabisa, nje kidogo ya mji. Vyumba vya wawili wawili, hutakuwa mpweke. Na joto limo ndani ya ada, mama. Hutaumiza kichwa tena."

Nevyana aliuliza jambo moja tu, kama huko Kalin anaweza kuja kulala.

"Watoto hawalali kule, mama," Vyara alisema. "Lakini zipo saa za kuwatembelea wazee."