Nilikubali kosa mahakamani Toronto "ili yaishe". Siku ya kupewa kazi ndipo nilipojua hayakuisha

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlioko kazini na mlioko kitandani mnachungulia simu.

Leo naleta la kwangu mwenyewe, siyo la "rafiki yangu mmoja". Chumvi sijaongeza. Nimebadilisha majina tu, maana shemeji yangu naye anapita humu na ana mdomo.

Niko Toronto, upande wa Etobicoke, kwenye haya magorofa ambayo ukikaanga vitumbua asubuhi korido nzima inajua. Nina mke, Neema, na watoto wawili ambao ukiwaita "njooni mle" wanajibu "coming, Dad".

Neema ana kaka yake, tumwite Gaspa. Ndiye aliyetupokea uwanja wa ndege, akatupa chumba kwake mpaka tukapata pa kwetu. Hilo liwekeni akilini.

Miaka kadhaa nyuma tulifanya sherehe ya ubatizo wa mtoto, hapa hapa kwetu. Wageni wamejaa, pilau limeiva. Gaspa ameshachangamka, akasema mbele za watu:

"Humu ndani kitu pekee anachomiliki shemeji ni rimoti."

Watu wakacheka. Mke wangu naye akacheka.

Wakuu, kipindi hicho sikuwa na kazi, na hasira zangu ni za karibu. Nikamchapa ngumi moja. Jino la mbele likaenda. Jirani akapiga simu polisi.

Mshtuko wa kwanza ulianzia hapo. Gaspa mwenyewe, kitambaa kimelowa damu mdomoni, anawaambia polisi, "Huyu ni shemeji yangu, hapa hamna kesi, tutayamaliza wenyewe." Wala hawakumsikiliza. Nikafungwa pingu nikiwa na shati la sherehe. Kumbe huku mtu akishapigwa kesi ni ya serikali, aliyepigwa hawezi kuifuta.

Nikatoka kwa dhamana, sharti nisimsogelee Gaspa. Wazee wa jumuiya yetu ya Waswahili wakaja nyumbani kunipa ushauri: "Wewe kubali tu, omba radhi, yaishe. Ukishindana na serikali utazeeka nayo."

Ushauri wa kikwetu kabisa, nikaubeba.

Mahakamani wakili wa zamu, yule wa bure anayekaa pale pale, alinieleza mengi. Mimi nikashika moja tu, kwamba nikikubali silali ndani. Nikasema "guilty" kwa sauti kubwa kama naitika gwaride. Nikapewa kipindi cha kuangaliwa na madarasa ya kudhibiti hasira. Nikahudhuria, nikafundishwa kuvuta pumzi kama mama mjamzito, nikamaliza.

Katazo la kumsogelea Gaspa lilipoondolewa, wazee wakatukalisha. Nikaomba radhi. Gaspa akaambiwa, "Mpe mkono shemeji yako." Akanipa. Tukala pilau.

Kwetu jambo likifika hapo limezikwa, na atakayelifukua ndiye mkosaji. Nikalizika.

Baada ya hapo nikawa mtu wa ajensi za vibarua. Wiki hii ghala hili, wiki ijayo lile, kazi ni kubeba maboksi, na huko hawakuulizi historia. Lakini mimi nyumbani nilikuwa fundi, na mgongo ulianza kunikumbusha umri. Nikaingia chuo cha jioni kusomea ufundi wa mitambo ya viwandani. Nililia na ile hesabu yao, nisiwafiche.

Nikahitimu. Nikaomba kazi mpaka vidole vikauma. Mwishowe kiwanda kimoja cha mikate Brampton, mji wa jirani, mali ya familia, kikanikubali: fundi wa mitambo, kazi ya kudumu, bima ya familia juu. Neema alipiga vigelegele hadi jirani yule yule aliyewaita polisi akagonga ukuta.

Kwenye maombi kulikuwa na swali kama nimewahi kutiwa hatiani. Nikaweka tiki kwenye "hapana" bila kupepesa macho. Wakuu, naapa sikudanganya. Niliamini yaliisha!

Kiwanda kikaagiza ripoti ya polisi juu ya jina langu, ikatoka. Nikapata ujumbe kutoka kiwandani: kuna jambo kwenye ripoti, njoo tuongee kabla hatujasitisha ajira.

Nikamwonyesha Neema. Akausoma, akaniangalia, akasema, "Lakini si yaliisha?"

Basi nikajua nyumba nzima tulikuwa tumelala usingizi mmoja.

Gari letu lilikuwa bovu, na kwenda Brampton kwa basi unaweza kufika umeota ndevu. Aliyejitolea kunipeleka ni Gaspa, ametoka shifti ya usiku hata hajalala. Aibu ikanizuia kumwambia ukweli. Nikamwambia ni interview ya pili.

Ndani nikapokelewa na meneja, mama wa Kipunjabi, mtu mzima, miwani imening'inia kifuani. Ripoti iko mezani. Akaniambia taratibu:

"Ungenieleza ningekusikiliza. Ngumi hainitishi sana. Inayonitisha ni hii tiki."

Nikamweleza yote. Ubatizo, rimoti, wazee, pilau. Kiingereza changu kikikosa njia natumia mikono. Nikamwambia kwetu ukishakubali na kuomba radhi, hesabu imefungwa.

Akanisikiliza hadi mwisho, akauliza:

"Na huyo uliyempiga, yuko wapi siku hizi?"

"Yuko hapo nje kwenye parking. Ndiye aliyenileta."

Akavaa miwani, akaniangalia vizuri. Halafu akachukua koti lake. "Twende."

Mimi nikajua nasindikizwa getini. Kumbe anaelekea kwenye gari!

Gaspa amelaza kiti, anakoroma, mdomo wazi, pengo lote nje. Yule mama akagonga kioo. Gaspa akakurupuka, akashusha kioo na kabla hajaulizwa chochote akasema, "Good fundi, boss. Very good."

Mama akamuuliza, "Ni kweli huyu alikupiga?"

Gaspa akanigeukia. Nilitamani theluji iliyojaa pale parking inifunike.

"Ni kweli."

"Na mlishamaliza?"

Wakuu, jibu nilikuwa nalo mfukoni. Huyu mtu tunakula naye kila Jumapili. Watoto wangu wanalala kwake.

Gaspa akasema, "Hapana."

Nikashika mlango wa gari.

Akaendelea, kwa Kiingereza chake cha kuungaunga lakini hakuna neno lililopotea: "Polisi walimsikiliza yeye. Hakimu alimsikiliza yeye. Wazee walimsikiliza yeye. Mimi niliambiwa nitoe mkono, nikautoa. Miaka yote hii hakuna aliyeniuliza. Mama, wewe ndiye wa kwanza."

Malori yanapita barabarani, mimi na yule mama tumesimama kwenye baridi.

Kisha Gaspa akasema, "Lakini kazi mpe. Wale watoto ni wa dada yangu."

Yule mama alituangalia mmoja mmoja. Akaniambia nirudi ndani nijaze upya lile swali, safari hii ukweli. Kazi akanipa, ila kwa majaribio, chini ya fundi mwingine, na bila funguo za stoo. Nikasaini.

Tukaanza safari ya kurudi nyumbani. Tulipofika barabara kuu nikasema, "Shemeji, nisamehe."

Akasema, "Siku ile ya wazee uliniomba radhi unaangalia pilau."

Nikalia, wakuu. Mtu mzima na madarasa yangu ya hasira.

Sasa, kwa walioko huku na wanaokuja. Kesi ikikukuta usikubali kosa kwa sababu mjomba kasema yaishe. Tafuta wakili, kaa naye, uliza ukikubali nini kitabaki kwenye jina lako. Rekodi haijifuti yenyewe. Unasubiri miaka yako halafu unaomba iwekwe kando, nami bado nasubiri. Na ukiulizwa kazini, sema. Mimi nilinusurika kwa sababu nilimpata mama yule, na kwa sababu niliyempiga alikuwa na roho nzuri kunizidi. Wewe unaweza kukosa vyote viwili.

Majaribio nimepita. Mitambo naifungua mwenyewe sasa, na funguo za stoo ninazo.

Wiki iliyopita nimempeleka Gaspa kwa daktari wa meno. Ni mimi niliyesubiri kwenye gari safari hii. Alipotoka na jino jipya akajitazama kwenye kioo, akakenua kushoto, akakenua kulia. Nikajikaza nikamuuliza:

"Shemeji, yameisha?"

Akafunga mkanda.

"Bado kidogo," akasema. "Lakini sasa umeuliza."

Haya, uwanja ni wenu. Mwenye kisa kama changu akilete, mwenye kujua sheria za huku anirekebishe. Hata wa kunisema aje tu, kuvuta pumzi nilifundishwa.